Mgeni Tanga Ale Nini?

Mgeni aingiaye Tanga kwa barabara ya Segera hupita Nguvumali akiwa na njaa, naye mara nyingi huishia kwenye chipsi mayai. Ni jambo la kusikitisha, kwani samaki wa kupaka, wali wa nazi na mkate wa kumimina vimo humu humu mjini, ila hakuna kibao kimwelekezacho.

Ndugu zetu wa Unguja wametutangulia. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, na hadi leo wageni hukusanyika pale jioni kula pweza na mishikaki.

Twawaomba wakuu wa Jiji wawapatie mama lishe maji safi, taa na mahali pa kudumu. Vibao vitangulie, gharama yake ni rangi na mbao tu.