Kabla ya kubadilisha prosesa



Juma hili tunajibu ulizo la kikundi kimoja cha akiba. Ordinateri yao ya mezani inachelewa, fundi anasema prosesa ibadilishwe, na franga za kuinunua zitatoka kwenye kisanduku cha wamama. Wakubali?

Wasikubali haraka. Kwanza fundi aonyeshe inachelewa wapi. Ikiwa inakawia tu kuwaka na kufungua daftari la akiba, mara nyingi shida ni diski ya zamani inayozunguka, au memwari ndogo. Mkiweka diski ya SSD mahali pake mtaona tofauti siku ile ile. Afungue pia mgongo wake aondoe vumbi: prosesa ikipata joto kali inapunguza mwendo yenyewe, na kazi ya brashi haimalizi akiba ya mtu.

Ikionekana ni prosesa kweli, jueni kwamba inakaa kwenye karti kubwa ambayo kwa Kifaransa inaitwa karti mama (jina hilo sikulitunga mimi!), na karti hiyo haipokei kila mgeni. Ordinateri nyingi za miaka ya 2005 hadi 2008 zina kiti cha prosesa kinachoitwa LGA 775. Hata kiti kikifanana, karti inaweza kukataa prosesa iliyotoka nyuma yake. Fundi aandike jina la karti, atafute kwenye intaneti orodha ya prosesa ambazo kiwanda kinasema inazikubali, awaonyeshe. Bila orodha hiyo, kisanduku kisifunguliwe.

Kuna sababu moja inayonifanya nisiseme hapana moja kwa moja, nayo ni mafuta ya gurupu. Prosesa ya Pentium D 830 imepimiwa wati 130. Core 2 Duo E6600, iliyotoka mwaka 2006, ina kiti kile kile, inafanya kazi upesi zaidi, na imepimiwa wati 65. Kwa anayewasha kwa gurupu, au kwa sola na betri moja, hiyo ni nusu ya mzigo wa prosesa ikiwa kazini. Msivutwe na Core 2 Quad kwa sababu eti ina viini vinne: Q6600 za kwanza zilipimiwa wati 105, na daftari la akiba halihitaji viini vinne.

Siku ya kazi, katibu anakili madaftari yote kwenye kle ya USB na kuiweka nyumbani kwake, si mkononi mwa fundi. Umeme ukatwe kabisa. Pati ya joto iliyo juu ya prosesa ipanguswe, ipakwe mpya kidogo tu. Prosesa ya zamani mwiombe, mwifunge kwenye kikaratasi, muitunze mpaka ile mpya imalize juma zima bila kuzimika. Fundi akisema aichukue kama sehemu ya malipo, asubiri juma hilo liishe.