Vigari vya Watoto wa Mbinga na Somo la Vipimo

Msafiri anayeteremka kutoka mjini Mbinga kwenda Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, hapiti vijiji vingi kabla ya kukutana na mtoto anayesukuma gari la kujitengenezea. Chesisi ya gari hilo ni ya waya au ya ufito wa mwanzi. Bodi yake ni kopo lililokatwa na kunyooshwa. Magurudumu yamechongwa kutokana na soli za kandambili chakavu. Na usukani umefungwa kwenye kijiti kirefu kinachomfikia dereva kifuani. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, vigari vya namna hii huitwa galimoto. Watu wazima wengi huvitazama vigari hivi kama mchezo wa kupitishia muda tu, na mtoto anapofaulu kuingia sekondari hutarajiwa kuviacha pamoja na mambo mengine ya utotoni. Makala haya yanashikilia maoni tofauti: kwamba vigari hivi ni mwanzo halisi wa elimu ya uhandisi, na kwamba shule ya sekondari inapoteza chombo bora cha kufundishia inapovidharau.

Hapana budi kwanza kutazama kazi yenyewe inayofanywa na mtoto. Magari anayoyaiga huyaona barabarani: malori ya kahawa inayolimwa na Wamatengo, mabasi ya abiria, na, tangu mgodi wa Ngaka ulipoanza kutoa makaa ya mawe mwaka 2011, matela makubwa yanayobeba makaa hayo. Hana mchoro, hana rula, wala hakuna mtu aliyemwelekeza. Hata hivyo huhesabu ekseli, hukumbuka mahali kichwa cha lori kinapoungana na tela, na hutafuta njia ya kuyafanya magurudumu ya mbele yafuate usukani huku ya nyuma yakifuata njia yake. Waya ukipinda, huutia kiungo cha kuuimarisha. Gurudumu likikwama, hupanua tundu au hupaka mafuta. Kuona, kubuni, kujaribu, kushindwa na kurekebisha: hizo ndizo hatua za kazi ya mhandisi popote duniani.

Katika nchi zenye viwanda vikubwa, mfano mdogo wa gari una historia yenye mafunzo. Nchini Uingereza, mwaka 1949, kampuni ya Airfix ilitengeneza mfano wa trekta la Ferguson ili mawakala wa kuuza matrekta wautumie kuwaonyesha wanunuzi. Baadaye mfano huohuo uliuzwa madukani ukiwa vipande vya kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe. Nchini Marekani, kampuni ya AMT nayo ilianza kwa kutengeneza mifano ya kuwasaidia wauza magari, na mwaka 1958 ikaanza kuuza masanduku ya vipande vya magari katika skeli ya 1:25. Plastiki ya polistirini iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, kisha ikatolewa ikiwa fremu yenye vipande vingi vidogo: milango, springi, mabomba ya moshi, hata nati za magurudumu. Mnunuzi huvikata, huvisugua, huvigundisha na kuvipaka rangi kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Leo wako watu wazima wanaokusanya na kuunda mifano hiyo maisha yao yote, wakiwa na makabati yaliyojaa magari na malori ya kila aina.

Kuna mfano mwingine unaogusa elimu moja kwa moja. Tangu mwaka 1930 hadi 1968, tawi la kutengeneza bodi la kampuni ya General Motors liliendesha shindano la vijana wa kiume nchini Marekani. Mwanzoni walitakiwa kuunda mfano wa gari la kifahari la farasi. Baadaye walitakiwa kubuni gari la siku zijazo na kulichonga katika skeli ya 1:12. Tuzo kubwa zilikuwa fedha za kusomea chuo kikuu, na baadhi ya washindani walikuja kuwa wabunifu wa magari. Kampuni ile haikuona haya kutafuta wataalamu wake miongoni mwa watoto wanaochonga vigari. Kosa lake lilikuwa kuwafungia mlango wasichana.

Je, shule za Tanzania ziagize masanduku hayo ya plastiki? Si lazima, na kwa shule nyingi haiwezekani kutokana na bei yake. Isitoshe, ipo tofauti kati ya kuunganisha na kuunda. Anayeunganisha vipande vilivyokatwa na mwingine hujifunza kusoma mchoro, kufuata utaratibu na kufanya kazi kwa usafi. Hayo ni mafunzo ya maana. Lakini maswali magumu yamekwisha kujibiwa na kiwanda: kipande kiwe na unene gani, kiungo kiwe wapi, mzigo ubebwe na nini. Taifa limewahi kuiona tofauti hiyo kwa kiwango kikubwa. Huko Kibaha, kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania kwa vipande vilivyotoka nje. Na Kibaha hiyohiyo, kituo cha Nyumbu kilibeba jukumu zito zaidi la kubuni na kuunda lori la Kitanzania. Kazi zote mbili zina heshima yake, lakini ya pili ndiyo inayodai akili ya mbunifu. Mtoto wa Mbinga anayekunja waya, ingawa hajui, yuko upande wa Nyumbu.

Hata hivyo, haifai kumsifu mtoto huyo kupita kiasi. Kazi yake ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni vipimo. Gurudumu lake aghalabu ni kubwa mno kwa bodi, kichwa cha lori ni kirefu kuliko inavyostahili, na tela ni fupi. Kigari chake kinafanana na lori kama mchoro wa mkono unavyofanana na nchi. Bado hakijawa ramani. Kinachoifanya mifano ya plastiki kuwa na thamani kwa elimu si plastiki, bali ni zile tarakimu mbili zilizoandikwa juu ya sanduku. Skeli ni ahadi kwamba kila urefu kwenye mfano umepunguzwa kwa kiasi kilekile. Nayo skeli haiuzwi dukani. Inapatikana kwa rula ya sentimeta 30 na utepe wa fundi cherehani.

Tuseme wanafunzi wanaruhusiwa kulipima lori lililoegeshwa, nao wanakuta lina urefu wa mita 8, upana wa mita 2.4, na magurudumu yenye kipenyo cha mita 1. Wakichagua skeli ya 1:20, mfano wao utakuwa na urefu wa sentimeta 40, upana wa sentimeta 12, na magurudumu ya sentimeta 5, kipimo kinachotosha kabisa kwenye soli ya kandambili. Hadi hapo ni hesabu ya kugawanya tu. Lakini sakafu ya kupakia mizigo, yenye urefu wa mita 6, ina eneo la mita za mraba 14.4, kwenye mfano itakuwa sentimeta za mraba 360, yaani mara 400 pungufu, wala si mara 20. Na lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo wake, kama mfano ungeundwa kwa vitu vilevile vyenye densiti ileile, lingekuwa na uzito wa kilo 1 na robo tu, yaani mara 8,000 pungufu. Urefu hupungua kwa 20, eneo kwa 20 mara 20, ujazo na uzito kwa 20 mara 20 mara 20.

Kutokana na tarakimu hizo linazuka jambo ambalo Galileo alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638, alipochunguza kwa nini mifupa ya mnyama mkubwa haiwezi kuwa na umbo lilelile la mifupa ya mnyama mdogo. Nguvu ya ekseli hutegemea ukubwa wa eneo lake la mkato, ilhali mzigo unaobebwa hutegemea ujazo. Katika mfano wa 1:20, mzigo umepungua mara 8,000 lakini eneo la ekseli limepungua mara 400 tu. Kwa hiyo kila milimeta ya mraba ya ekseli hiyo inabeba mara 20 pungufu ya ile ya lori halisi. Ndiyo maana waya mwembamba huvumilia safari za mchana kutwa. Mwanafunzi anayefikiri kwamba muundo uliovumilia ukiwa mdogo utavumilia vilevile ukikuzwa, iwe ni tela, daraja au paa la darasa, anajiandalia maafa. Ni heri alijue jambo hilo kwenye waya kabla ya kulijua kwenye zege.

Yako mambo mengine ambayo skeli haiyabadilishi, na hapo kigari kinaweza kusema kweli kuhusu lori. Mojawapo ni pembe ya kupinduka. Gari lililosimama kwenye mteremko wa ubavuni hupinduka pale mstari wa wima kutoka kwenye kitovu chake cha uzito unapotoka nje ya magurudumu ya chini. Tanjenti ya pembe hiyo ni sawa na nusu ya upana kati ya magurudumu, ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme upana huo ni mita 2 na kitovu kiko mita 1.5 juu ya ardhi: lori litapinduka likiinama kiasi cha nyuzi 34. Magunia yakirundikwa hadi kitovu kikapanda kufika mita 2, litapinduka kwenye nyuzi 27. Katika mfano wa 1:20 upana ni sentimeta 10, na vimo ni sentimeta 7.5 na 10. Pembe ni zilezile. Wanafunzi wanaweza kukiweka kigari juu ya ubao, wakapigilia kipande chembamba cha mti cha kuzuia magurudumu yasiteleze, wakauinua ubao polepole upande mmoja na kupima kwa protrakta. Kwanza wapakie mchanga chini, kisha wapakie juu.

Jaribio hili si la kujifurahisha. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Gari linaloshuka kati ya sehemu hizo hupita kona na miteremko mingi. Barabara hiyo sasa ina lami, nayo lami huongeza mwendo. Lori halisi hupinduka mapema kuliko hesabu inavyoonyesha, kwa kuwa springi na matairi hubonyea upande mmoja na mwendo kwenye kona hulisukuma nje. Kijana aliyekiona kigari chake mwenyewe kikianguka kwenye nyuzi 27 anajua kwa nini si salama kupanda juu ya magunia, na ataweza kumweleza mzazi wake kwa hoja badala ya woga.

Baadhi ya walimu watajibu kwamba muhtasari ni mrefu, mitihani iko karibu, na hakuna nafasi ya michezo. Hoja hiyo haina budi kuheshimiwa, kwa maana mwalimu hupimwa kwa matokeo ya mitihani. Lakini maumbo yanayofanana, trigonometria, densiti na momenti za kani zote zimo katika masomo ya hisabati na fizikia, na hufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wanafunzi wengi bado wanapambana nayo. Kitu kinachoshikika mkononi hulibeba wazo hata pale neno linapokwama. Kadhalika, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Mkondo huo hautafaulu kwa karakana peke yake ikiwa wanafunzi wataingia humo wakiwa wamekwisha kufundishwa kwamba kazi ya mikono ni ya wasioweza kusoma. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilionya juu ya dharau hiyo.

Yafuatayo yanaweza kuanza bila kungoja fedha. Kila muhula, kidato kimoja kigawanywe katika vikundi vya wavulana na wasichana pamoja, na kila kikundi kipime gari moja, kichore mchoro wake kwa skeli, na kuunda mfano. Wasichana wasiachiwe kazi ya kuandika tu. Koleo na waya zizunguke kwa kila mmoja. Mtoto stadi wa shule ya msingi ya jirani aalikwe kuonyesha namna ya kufunga viungo. Mifano ihifadhiwe kabatini, kila mmoja ukiwa na kadi yenye jina la waundaji, tarehe, skeli, vitu vilivyotumika, na matokeo ya jaribio la kupinduka. Makumbusho kadhaa ya Ulaya yanahifadhi vigari vya waya kutoka Afrika; ni ajabu kama shule zilizo mahali vinapoundwa hazina hata kimoja. Baada ya miaka 10, kabati kama hilo litaonyesha ni magari gani yaliyopita Mbinga na Nyasa, na jinsi mikono ya wanafunzi ilivyozidi kuwa sahihi.

Vijana waliokua wakitazama miteremko inayolimwa kwa ngoro wanaelewa ardhi inayoinama kuliko vitabu vingi vinavyoweza kueleza. Wanaijua waya, wanaujua mwanzi, na wanayajua malori kwa sauti zake. Kinachobaki ni mwalimu wa hisabati kuchukua rula, kutoka nao nje ya darasa, na kuwauliza swali moja: kigari hiki ni sehemu ya ngapi ya lori lile?