Sehemu ya 4: Kijiko gani?

Leo siongelei ugonjwa. Naongelea zile makala tunazoandika pamoja kwenye wiki yetu, ambazo kila nesi na kila mama anaweza kuzihariri. Wengine mtaona hii ni mada ya watu wa kompyuta. Nivumilieni kidogo.

Mwezi uliopita nikiwa zamu ya usiku aliletwa mtoto wa miezi 11, anaharisha siku ya pili. Mama yake akaniambia, "Nesi, nilimtengenezea maji ya sukari na chumvi nikayaonja, yalikuwa machungu kwa chumvi, nikayamwaga nikaja." Nikamuuliza kipimo alikitoa wapi. Akafungua simu. Ni makala niliyoiandika mimi.

Nilikuwa nimeandika: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kijiko tu. Kichwani mwangu ni kijiko cha chai, na cha kusawazisha juu, si cha kulundika. Yeye akashika kile cha kulia wali. Kijiko cha chai ni ml 5, cha mezani ni ml 15, kwa hiyo alitia sukari na chumvi mara tatu. Maji ya hivyo yanamkausha mtoto badala ya kumwokoa. Aliyemwokoa ni ulimi wa mama yake. (Na hilo la kuonja shikeni: yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga.)

Sasa kinachoniuma ni hiki. Makala yangu inaitwa "Kuharisha". Kumbe mwenzangu alishaandika nyingine, "Tumbo la kuendesha", yenye "kijiko cha chai" kabisa, na pakiti ya ORS, na zinki ya siku 10 hadi 14. Ugonjwa mmoja, kurasa mbili, vipimo viwili. Mama anasoma ile inayofunguka kwanza.

Ndiyo maana nasema makala zetu za afya zifuate kigezo kimoja, hata kama ninyi wenye kalamu tamu mtanuna. Ugonjwa uwe na ukurasa mmoja, na majina mengine yote yaelekeze hapo. Nimonia na kichomi, mama afike palepale. Vipimo viandikwe namna moja kila mahali. Na juu kabisa, kabla ya hadithi yoyote, zikae dalili za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki. Kwangu mimi zilikuwa aya ya saba, baada ya maelezo marefu ya vijidudu! Nani anasoma aya ya saba saa nane usiku, mtoto begani, bando linaisha?

Wikipedia ya Kiingereza wana mwongozo wa makala za tiba, wanapendekeza mpangilio wa vichwa: dalili, sababu, uchunguzi, kinga, matibabu na kuendelea. Nimeupenda, ila tusiunakili mzima mzima. Ule unamfaa anayetaka kuujua ugonjwa. Wetu ni wa mama anayetaka kujua aende hospitali sasa hivi au asubuhi. Kuna jambo lao moja nalikubali bila ubishi: kwa kawaida hawaandiki dozi za dawa. Na sisi tuziondoe. Sirapu za paracetamol zenyewe hazilingani nguvu, na matone ya watoto wachanga ni makali zaidi kwa kila ml. Dozi apewe na anayemwona mtoto na chupa.

Halafu tarehe. Kila makala iseme ilipitiwa lini na nesi au daktari. Chanjo ya rota na ya nimonia ziliingia kwenye ratiba yetu Tanzania 2013. Ukurasa wa kabla ya hapo hauna habari nazo, na kwa macho tu huwezi kujua kuwa ni wa zamani.

Dada mmoja kaniambia makala zitafanana kama sare za shule. Ni kweli zitafanana. Kadi ya kliniki nayo inafanana nchi nzima, ndo maana ukitoka Tanga ukamfikisha mtoto Mbeya, nesi asiyekujua anafungua na kuona uzito uko wapi na chanjo ipi bado. Uhondo wa kusimulia leteni huku kwenye posti, huku nawasoma mpaka mwisho.

Jana nimeunganisha zile kurasa mbili, nimebakiza "Kuharisha" kwa sababu ndilo neno mnaloniambia mapokezi. Leo naingia kwenye "Homa". Ukikutana na neno "kijiko" limekaa peke yake popote, bonyeza hariri uandike "cha chai", au nitumie ujumbe nirekebishe nikitoka zamu.