Gia 21 na Bado Tunasukuma

Nimechoka kuona watu wazima wenye baiskeli wakitembea kwa miguu.

Simama asubuhi yoyote kwenye njia ya changarawe itokayo Pangani kwenda Muheza, pale inapoanza kupanda. Utamwona muuza samaki, tenga limejaa nyuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, anasukuma. Nyuma yake kijana wa nazi, anasukuma. Nyuma yao mwanafunzi, shati limeshalowa jasho kabla ya kengele, naye anasukuma. Baiskeli tatu, na hakuna aliyepanda hata mmoja.

Waulize kwa nini. Watakwambia mlima.

Mlima gani, jamani? Sisi tuko mdomoni mwa mto, usawa wa bahari. Milima iko Lushoto. Iko Amani. Hivi vyetu ni vilima ambavyo mtu wa Usambara hata jina hangevipa. Kinachotushusha kwenye kiti si mlima. Ni gia. Tunapanda baiskeli zenye gia zisizotufaa, tulizozinunua wenyewe, kwa pesa zetu wenyewe, macho tumeyafumba.

Nami niliyafumba. Nilikwenda Tanga mjini na akiba ya miezi mingi, nikanunua baiskeli ya mtumba. Muuzaji akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha likavuma kama nyuki, akasema, "Gia ishirini na moja, mzee." Basi, nikalewa. Niliuliza breki. Niliuliza tairi. Niliuliza hata kama kengele inalia. Sikuuliza meno.

Meno ndiyo gia, ndugu yangu. Hakuna siri nyingine. Sproketi ya mbele, ile iliyoshikana na pedeli, ina meno. Friwili ya nyuma ina meno. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma, utajua gurudumu linazunguka mara ngapi kila miguu inapomaliza mzunguko mmoja. Jibu likiwa kubwa, unakwenda mbali na mguu unaumia. Jibu likiwa dogo, unakwenda karibu na mguu unapumua. Hii ni hesabu ya shule ya msingi. Kwa nini sisi, wenye ndevu na mvi, hatuifanyi?

Mimi niliifanya nimeshachelewa. Nilikaa barazani nikahesabu kwa kidole kilichojaa grisi. Mbele: 48, 38, 28. Nyuma, kuanzia ndogo: 14, 16, 18, 20, 22, 24, 28. Sasa sikiliza. Ukigawanya 48 kwa 24 unapata 2. Ukigawanya 28 kwa 14 unapata 2. Ni gia ileile! Endelea: 48 kwa 28 ni 1.71, 38 kwa 22 ni 1.73, 28 kwa 16 ni 1.75. Gia tatu hizo, nimezilipia tatu, na mguu wa binadamu hauwezi kuzitofautisha. Nilipomaliza, zile 21 zilikuwa zimebaki 12 au 13. Nyingine zote zinalaliana kama dagaa kwenye kapu.

Na ile nyepesi kuliko zote? 28 kwa 28. Moja. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja, na kwa tairi ya inchi 26 hiyo ni mita mbili na kidogo. Mita mbili kwa kila mzunguko, tenga nyuma, changarawe inateleza chini ya tairi. Nyingi mno. Ndiyo maana nilishuka. Ndiyo maana unashuka.

Ile nzito kuliko zote ndiyo inayonitia uchungu zaidi. 48 kwa 14 ni mita saba kwa mzunguko. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika utakwenda kilomita 34 kwa saa. Nani hapa Pangani anakwenda kilomita 34 kwa saa na samaki nyuma? Nani? Baiskeli yenye 42 mbele kwa 14 nyuma, kwa miguu ileile, ingekupa karibu kilomita 30, nazo hizo huzifikii. Tunalipia mwendo wa watu wa mashindano, kisha tunatembea.

Namba inayotuhusu iko upande wa pili. Mbele 24, nyuma 34: pungufu ya mita moja na nusu kwa mzunguko. Hapo unaweza kwenda polepole kama mtu anayetembea, na bado umekaa kitini, mzigo umetulia. Kwa hiyo dukani maswali ni mawili. Mbele, iliyo ndogo ina meno mangapi? Nyuma, iliyo kubwa ina meno mangapi? Muuzaji akikujibu kwa kuzungusha gurudumu, ondoka.

Wewe mwenye Phoenix ya gia moja, usidhani haya hayakuhusu. Wewe ndiye unayeumia zaidi kimyakimya. Jirani yangu anayo, nikamhesabia: mbele 44, nyuma 18. Kwa gurudumu la inchi 28 hiyo ni karibu mita 5.5 kila mzunguko. Akipanda kilima kwa kilomita 6 kwa saa, miguu inazunguka mara 18 tu kwa dakika. Zaidi ya sekunde tatu kwa mzunguko mmoja! Huko si kuendesha baiskeli. Ni kupanda ngazi ambayo kila kidato kinamfika kiunoni, na juu ya keria amebeba gunia.

Nikamwambia aweke friwili ya meno 22. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avae gauni. Mwendo utapungua, akasema. Kweli, utapungua. Pale tambarare alipokuwa akienda kilomita 19 kwa saa, atakwenda 16. Lakini nguvu anayotia kwenye pedeli inapungua karibu sehemu moja ya tano. Na akisukuma je, anakwenda kilomita ngapi? Tatu? Nne? Huko kuchelewa kote kwa miguu mbona hakuoni, anaona hizi tatu za tambarare?

Fundi anafungua friwili ya zamani, anakaza mpya, anasogeza gurudumu mbele kidogo au anaongeza pingili mbili za cheni. Kahawa haijapoa, kazi imekwisha.

Tatizo ni kiburi. Tumeamini kwamba gia nyepesi ni ya watoto na wagonjwa. Kiburi hiki hakikuzaliwa Pangani. Ufaransa, yule Henri Desgrange aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903 alizichukia gia za kubadili. Waendeshaji walipofika chini ya mlima walilazimika kushuka, kuchomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza, maana upande wa pili lilikuwa na meno mengine. Gia za kubadilia njiani ziliruhusiwa mwaka 1937. Leo, kwenye mashindano ya changarawe yanayofanyika Maasai Mara tangu 2021, watu wenye mapaja kama magogo wanafunga gia nyepesi kuliko zile wanazotumia kwenye lami, nao hawabebi hata dagaa mmoja. Wewe uliyebeba gunia unamwonea nani aibu?

Sasa lami imetujia, na imetulevya upya. Barabara kubwa ya kutoka Bagamoyo kupita Makurunge, Saadani na Pangani hadi Tanga ni kilomita 256 kwa mradi mzima, na juu ya mto wetu daraja la mita 525. Nimeifurahia kama wewe. Lakini nimeona vijana wanakwenda kwa fundi wawekewe friwili ndogo, ya meno 16, "ya lami." Wanataka kukimbia. Wanakimbia kweli, kilomita kadhaa. Kisha wanakunja kwenda kijijini.

Kijijini hakuna lami, mwanangu! Shamba la mnazi halina lami. Njia ya Ushongo ina mchanga. Masika ikimwagika, ule udongo mwekundu unashika tairi kama ulimbo. Daraja litakuvusha maji. Halitakupandisha Bweni. Safari ya mtu wa hapa haiishii kwenye lami. Inapita lami, inaingia changarawe, inamalizia kwenye mchanga mlangoni kwake. Gia inachaguliwa kwa kile kipande kibaya kuliko vyote, huku mzigo ukiwa mzito kuliko siku zote. Kipande kizuri kitajipita chenyewe.

Na hata hiyo lami, nani kakwambia ni nyepesi? Lami haina mlima, lakini ina kusi. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, toka Tanga uje Pangani, upepo wote unaupokea kifuani. Upepo hauna kilele. Kilima unakimaliza, kusi huimalizi mpaka ufike. Pale Kigombe, tambarare kabisa, nimewaona vijana wamesimama juu ya pedeli wanahangaika kama wanapanda Amani. Friwili ya lami hiyo.

Nahodha wa jahazi anapandisha tanga dogo upepo ukichafuka, naye haoni haya. Sisi ni watoto wa manahodha. Tulisahau wapi?

Utaniambia mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeifanya mto wa kulalia. Aliyeitunga alimkemea mvivu anayetafuta sababu. Hakumzuia mtu kutazama chombo kabla ya kukilipia. Mkulima gani umemwona analima mpunga kwa shoka?

Wakati sisi tumelala, hesabu inaendelea. Samaki hawasubiri: wanatoka majini alfajiri, na kila nusu saa unayosukuma jua linapanda nao tengani. Unafika mwenzako wa pikipiki ameshauza, wewe unauza kwa bei ya kutupa. Mwanafunzi anafika mlangoni mstari umekwisha, anaadhibiwa kwa kuchelewa, na hakuna anayeuliza meno ya baiskeli aliyonunuliwa na baba yake. Mama aliyepewa baiskeli ya mumewe, madumu mawili ya maji kila upande, anaambiwa hana nguvu. Ana nguvu kutuzidi. Aliyekosa ni aliyefunga gia ile. Na wale wazee wetu wanaokaa barazani wakishika magoti, wanaosema miguu imeisha: nauliza, tuliimaliza kwa kazi, au tuliimaliza kwa kukanyaga chuma kisichokanyagika miaka thelathini?

Mafundi nao nawaambia, ingawa nawapenda. Kile kifaa cha kurushia cheni kikipinda kwa jiwe, mnakikata, mnafupisha cheni, mnaifunga kwenye gia moja. Sawa, vipuri ni ghali na chumvi ya bahari inakula kila kitu. Lakini mnaifunga kwenye gia ipi? Mnaifunga pale cheni ilipojikuta imenyooka! Muulizeni mwenye baiskeli anakwenda wapi na anabeba nini, ndipo mfunge. Naye asipoulizwa, aseme. Mdomo anao.

Mimi yangu nimeirekebisha. Friwili mpya, kubwa yake meno 34, na ikabidi kubadili na kifaa cha kurushia cheni, maana cha zamani hakikuufikia upana ule. Mbele nimeacha 28 yangu. Kutoka mita mbili hadi mita 1.7 kwa mzunguko. Ukiisema kwa mdomo ni ndogo. Ukiwa na gunia la nazi ni maisha mengine.

Wiki iliyopita nilivuka kwa kivuko asubuhi, nikapanda Bweni nimekaa. Polepole, miguu inazunguka, moyo unadunda, lakini nimekaa. Katikati ya kilima nikampita muuza samaki, anasukuma. Hakunisalimu. Aliinama, akatazama gurudumu langu la nyuma, kisha akanipigia kelele mgongoni:

"Mzee! Hiyo kubwa ina meno mangapi?"