Meli ya anasa: ulizeni kabla hamjalipa

NILIPOREJEA Mombasa mwanzo wa Julai 2024, mtu wa kwanza kuja kunijulia hali alikuwa ami yangu. Alikunywa kahawa, akala tende mbili, kisha akaniuliza, "Haya, wewe na mkeo mlikuwa wapi?" Nikamwambia tulikuwa Bahari ya Kati, kule Ulaya, tukitembea kwa meli siku saba. "Mlikwenda kufanya nini?" Nikamjibu, "Kutembea tu, ami." Akatikisa kichwa. "Yaani mmepanda chombo mahali, kikawazungusha, kikawarudisha pale pale, na mkalipa?"

Waliokuwapo barazani wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini swali la ami halikunitoka, na leo, ndugu msomaji, nataka kulijibu mbele yako.

Sisi watu wa pwani ni watu wa bahari. Wazee wetu walivuka kwenda Uarabuni kwa majahazi, na wengine walikwenda Bombay kwa meli kama Karanja, ambayo safari zake zilikoma mwaka wa 1976. Walisafiri kwa biashara, kwa kuona jamaa, na kwa hija. Siku hizi zinakuja Kilindini meli nyeupe kubwa kama mitaa, na sisi husimama Lighthouse na mihogo yetu ya kukaanga, tukizitazama zikiingia na kutoka. Tumeshakata shauri mioyoni mwetu kwamba zile ni za wengine.

Mke wangu ndiye aliyekataa shauri hilo. Amezaliwa Mji wa Kale, dirisha lao likitazama bandari ya zamani. Siku moja alisema, "Nimezeeka naitazama bahari, na sijapata kulala juu yake hata usiku mmoja." Mwanetu anayefanya kazi Dubai alikuwa akisikia kwenye simu. Miezi michache baadaye akatuletea tikiti mbili: kuanzia Barcelona, kupitia Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo na Tunis, kisha kurudi Barcelona.

Nimekwenda, nimeona. Na rai yangu ni hii: safari ya meli ya anasa si dhambi, wala si pepo. Ni bidhaa iliyo sokoni, na bidhaa hukaguliwa kabla ya kulipiwa. Karibu kila taabu tuliyoipata ilitokana na jambo tuliloona haya kuliuliza.

Bandubandu huisha gogo

Tuanze na fedha. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja anayelala chumba cha watu wawili. Anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa zaidi, na pengine hulipa kama watu wawili. Juu ya bei hiyo huongezwa ushuru wa bandari, kisha bakshishi. Bakshishi ya melini si ile ya kumtilia mtu mkononi ukipenda. Huandikwa katika hesabu yako kila siku, utake usitake, na kampuni nyingi hutoza kati ya dola 12 na 20 kwa kila mtu. Mkiwa wawili kwa siku saba, tuseme kwa dola 15, hiyo ni dola 210 ambazo hukuziona katika picha ya matangazo.

Chakula cha kawaida kimo katika nauli. Lakini soda, intaneti, kufuliwa nguo, mikahawa maalumu, na matembezi ya nchi kavu yanayopangwa na meli, vyote hivyo vina bei yake. Humo melini hutoi fedha taslimu. Unapewa kadi, na kila unachochukua unaionyesha kadi. Mkono usiohesabu noti husahau upesi. Sisi tulipoletewa hesabu asubuhi ya mwisho, mke wangu aliisoma mara mbili kisha akanipa mimi bila kusema neno. Bandubandu huisha gogo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwambie ajenti akuandikie jumla ya vyote vya lazima. Usikubali maneno ya mdomo.

Uliza pia habari ya chumba. Cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha bei nafuu, lakini usiku wake na mchana wake ni mamoja. Ikiwa unaogopa kichefuchefu cha bahari, chagua chumba cha katikati ya meli na cha chini chini, kwa sababu omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Tena usikubali chumba kilicho chini ya ukumbi wa ngoma. Sisi tulikuwa chini ya ukumbi wa ngoma.

Viza nayo si jambo la kufanyia mzaha. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen kwa nchi kama Uhispania, Ufaransa na Italia. Meli ikitoka katika nchi hizo, ikatia nanga Tunis au Istanbul, kisha ikarudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Omba ya kuingia mara nyingi, na uombe mapema.

Chakula na sala

Usiku wa kwanza nilimuuliza mwandikaji kama ile nyama ina nguruwe. Akasema hapana, na kweli haikuwa na nguruwe. Mke wangu akauliza swali la pili: "Na mchuzi wake umepikwa kwa nini?" Kijana akaenda jikoni, akarudi na jibu: umetiwa mvinyo. Tulikuwa tumeshaonja. Tukaomba msamaha kwa Mola, tukala mkate na samaki wa kuchoma.

Sikumlaumu yule kijana, kwani alijibu alichoulizwa. Kosa lilikuwa letu. Kampuni nyingi za meli huweza kuandaa chakula cha halali, lakini sharti uombe wakati wa kununua tikiti, wiki nyingi kabla ya safari, na upate jibu la maandishi. Ukingoja mpaka umeketi mezani, umeshachelewa. Na kwenye meza za kujipakulia, jihadhari na vitamutamu vinavyotetemeka. Uliza vimegandishwa kwa kitu gani.

Sala ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, jambo tulilolizoea tangu utotoni. Kule Bahari ya Kati magharibi, kibla ni mashariki, ikielekea kusini kidogo, na meli yenyewe hugeuka. Isitoshe, kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, lakini Barcelona mwisho wa Juni huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Ukingoja Isha, utakaa macho mpaka karibu saa sita.

Hapo ndipo nilipoiona rehema ya sheria. Msafiri ameruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, na kwa madhehebu yetu ya Shafi masharti yake yanajulikana. Mwendee sheikh wako kabla ya safari, akueleze. Chukua msala mwepesi na dira ndogo. Meli ikigeuka katikati ya sala ya faradhi, nawe geuka.

Mapokezini tuliuliza kama kuna mahali pa kuswalia. Bibi aliyekuwapo alitutazama kwa adabu, kana kwamba tumemuuliza bei ya ngamia. Tukarudi chumbani. Tulimkuta kijana wa kusafisha vyumba akitandika kitanda. Alipouona msala mkononi mwa mke wangu, akasimama wima.

"Asalaam aleikum, mama. Shikamoo mzee."

Ndugu zangu, lile Kiswahili lake lilikuwa la Likoni! Mke wangu alikaa kitandani akalia kwa furaha. Kijana akatuonyesha kibla kwa kidole, bila dira, kwa sababu aliijua njia ya meli kila siku. Akatueleza kwamba huko chini, wanakolala wafanyakazi, wamo Waindonesia wengi Waislamu, na huswali jamaa katika chumba cha kulia chakula wakati kikiwa kitupu.

"Unapumzika siku gani, mwanangu?" nikamuuliza.

"Hakuna siku, mzee. Kuna saa tu."

Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka wa 2006, ulioanza kutumika 2013, unasema baharia apewe mapumziko ya saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku saba. Haukutaja Ijumaa wala Jumapili. Kwa miezi mingi kijana huyu anaamka, anatandika vitanda vya watu, analala. Hapo ndipo nilipoacha kunung'unikia bakshishi. Nikamuuliza kama inamfikia, akasema inagawanywa. Basi siku ya mwisho tukamtilia na yake mkononi, kwa mtindo wetu wa zamani.

Saa ya meli na saa ya mji

Jambo jingine ni usalama. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliopanda siku ile walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi la dharura. Tangu mwaka wa 2015 sheria za kimataifa zinataka zoezi lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Niliona watu wakilifanya huku wakicheka na kupiga picha. Wewe usicheke. Ijue njia ya kutoka chumbani kwako mpaka mahali pa kukusanyika, na uijue ishara: honi fupi saba na moja ndefu.

Chukua bima inayolipa matibabu ya baharini na kumhamisha mgonjwa, kwani daktari wa melini si wa bure. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Ugonjwa wa kuhara na kutapika huenea upesi katika meli. Mwenye kutia udhu mara tano ana heri yake, lakini aongeze sabuni.

Tunis ndiko tulikofurahi zaidi. Wengi walinunua matembezi ya meli, sisi tukachukua teksi. Tukaingia mji wa kale na vichochoro vyake, tukaswali katika msikiti wa Zaytuna, uliosimama kwa zaidi ya miaka 1,100. Watalii wenzetu walikuwa wakiuchungulia ua kutoka nje ya ukumbi wa sala, nasi tukapita kwa miguu yetu mpaka ndani. Sikujiona mgeni.

Lakini nusura furaha hiyo ituponze. Wakati wa kiangazi, saa ya Tunis iko nyuma ya saa ya Italia na Uhispania kwa saa nzima, na meli yetu haikubadili saa yake. Mimi nilikuwa nimeirekebisha saa yangu kwa saa ya mji. Mke wangu hakuigusa yake. Nilipokuwa nikijadiliana bei ya bakuli la shaba, akanivuta mkono: "Mume wangu, saa yako inasema mapema, yangu inasema tumechelewa. Meli inafuata ipi?" Tulikimbia. Ngazi ilikuwa bado haijaondolewa, alhamdulillahi. Shika saa ya meli siku zote, na urudi saa moja na nusu kabla. Ukienda kwa matembezi yako mwenyewe, hakuna atakayekungojea.

Jibu langu kwa ami

Ami alisema fedha zile zingesaidia madrasa. Sina ubishi naye. Mwenye deni alipe deni. Mwenye uwezo wa hija na hajahiji, aende Makka kwanza. Anayekopa ili apige picha akiwa sitahani, huyo anajitafutia dhiki. Israfu ni israfu, iwe nchi kavu au baharini.

Lakini aliyetimiza wajibu wake, akaweka akiba ya halali, kwa nini akae Lighthouse akitazama tu? Tukijificha, wenye meli hawatajua kwamba tupo. Wao huandaa kile wanachoulizwa. Desemba 2024, miezi michache baada ya sisi kurudi, meli ya Aroya ilianza safari za kitalii kutoka Jeddah, na haiuzi pombe. Haikushushwa kutoka mbinguni. Iliundwa Ujerumani mwaka wa 2017 na ilikuwa ikipeleka watalii kama meli nyingine. Ni wateja waliobadilika, nayo ikabadilishwa kwa ajili yao.

Basi ulizeni. Ulizeni nyama, ulizeni mchuzi, ulizeni pa kuswalia, ulizeni jumla ya bei, ulizeni mfanyakazi anapata nini. Kuuliza si ujinga, na haya ya mteja ndiyo faida ya muuzaji.

Ami hajakubali mpaka leo. Ila juzi baada ya Alasiri alinivuta kando, akaninong'oneza, "Hiyo ya Jeddah, nauli yake ni kiasi gani?" Nikamwambia aulize mwenyewe, na aandikiwe.