Daftari la Wiki: Kutoka Mlangoni Hadi Chemko

Ukumbi wa dansi wa Dar es Salaam haujai kwa saa iliyoandikwa kwenye bango. Bango likisema saa 3 usiku, saa hiyo fundi mitambo bado anajaribu maikrofoni, na mkata tiketi ana chenji nyingi kuliko wateja. Bendi huanza na nyimbo za taratibu, mara nyingi bila waimbaji wake mashuhuri. Hao hupanda jukwaani watu wakishajaa. Mgeni asiyeujua mpango huu hudhani kiingilio chake kimeliwa.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza ni mashairi: ndoa iliyovunjika, wivu, ndugu aliyesahau kwao. Hapo wawili wawili hukumbatiana, hatua ndogo ndogo, na masikio yanafuata kisa. Kisha waimbaji hurudi nyuma hatua moja, gitaa la solo linatangulia, na sehemu ya pili, chemko, imeanza. Solo hushika kipande kifupi cha sauti chache na kukirudia. Gitaa la rhythm linajibu katikati, besi inaruka pale sikio lilipoitegemea, tumba zinapandisha. Waliokumbatiana huachana, kila mtu anacheza kivyake. Kwenye redio chemko lina mwisho. Ukumbini linaisha bendi ikipenda, na bendi hutazama miguu ya watu kabla ya kupenda.

Kumtunza mwimbaji pesa nako kuna taratibu zake. Shabiki haendi mbio. Anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu hadi jukwaani, anazitoa moja moja: moja mfukoni mwa shati la mwimbaji, nyingine kwenye paji la uso lenye jasho, ikinata. Mjanja huvunja noti kubwa kwanza, maana noti moja ni safari moja fupi, na nusu ya raha ni kuonekana. Katika taarabu jambo hili ni kali zaidi. Mama akiinuka kwenda kutunza pale kijembe kinapotajwa, ukumbi mzima hugeuka kutafuta kimempata nani. Pesa amepewa mwimbaji, lakini ujumbe umekwenda meza nyingine.

Bendi nyingi kubwa zilizaliwa chini ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikawa Juwata, kisha Ottu; leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na sauti yake na vidole vyake, gitaa lilibaki. Kuhama kulikuwa jambo la kawaida, Muhiddin Maalim Gurumo akiwa mfano mashuhuri, kwani aliimba katika bendi zote mbili. Kilichobaki kuitambulisha bendi ni mtindo. Msondo ni jina la ngoma ndefu, Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, ni ngoma ya Wazaramo, na bendi ya Maquis iliyotoka Congo ilikuja na Kamanyola. Mashabiki wa Msondo na Sikinde hutaniana kama wa Simba na Yanga, na ubishi wa nani zaidi haujawahi kupata refa.

Siku hizi mabango mengi huandika: “Kiingilio kinywaji chako.” Tafsiri yake ni kwamba muziki umelipiwa ndani ya bei ya bia. Mwenye baa hupenda watu wakae, si wacheze, kwa hiyo viti vya plastiki vinasogea hadi ilipokuwa sakafu ya kuchezea, na runinga ya mpira inaning’inia juu ya jukwaa. Bendi inapofika kwenye chemko, wachezaji wa kwanza hulazimika kusukuma meza. Mhudumu huzirudisha. Chemko likinoga, huacha.