Jibu Lisifie Inboksi

Kijana anayejifunza kutengeneza programu Kampala hakawii kufika mahali hapa: anataka duka lake la mtandaoni lipokee pesa kwa simu. Anajiandikisha kwenye mfumo wa majaribio wa MTN MoMo, anafuata maelekezo, na penye sarafu anaandika UGX. Angeandika nini kingine? Yuko Uganda, bei zake ni za shilingi, mteja wake wa kubuni anaishi Kawempe. Mfumo unakataa. Anabadili herufi, anafungua akaunti nyingine, anaanza kuamini kwamba ameharibu kitu asichokiona. Jibu lenyewe ni la sentensi moja: kwenye majaribio sarafu inayopokelewa ni yuro, na shilingi huingia siku unapohamia mfumo halisi. Akivuka hapo atakutana na namba 202, atashangilia akidhani pesa imelipwa, kumbe 202 inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Kama mteja amelipa au hakulipa, ni lazima programu iulize tena baadaye.

Mtaalamu yeyote wa malipo hapa mjini anayajua mambo haya mawili. Wengi wameyaeleza mara nyingi mno, usiku, kwa WhatsApp, kwa mtu mmoja mmoja. Aliyeelezwa alishukuru akaendelea na kazi yake, na maelezo yakabaki ndani ya simu mbili. Baadaye mwingine wa Kikoni alikwama palepale, akaanza kutafuta mtu wa kumwuliza.

Toleo hili linahusu namna watu wanavyojifunza kutengeneza programu, na kabla msomaji hajaingia kwenye makala nataka kutetea jambo moja. Kozi za kujifunzia ziko tele, nyingine za bure. Wanachokosa wanagenzi wa Kampala ni majibu yaliyoandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma, yameandikwa na wazoefu wa hapahapa, watu wanaohesabu uandishi huo kuwa sehemu ya kazi yao.

Nenda Katwe uone ufundi unavyorithishwa. Fundi anachomelea geti kando ya barabara, mwanagenzi ameshika upande wa pili, na wengine wawili watatu wasio wake wamesimama wanatazama. Fundi akimkaripia mwanagenzi kwamba pembe imekaa vibaya, wote wamesikia, na wote wamejifunza kwa gharama ya kosa moja. Sisi wa kompyuta tuna chombo kinachoweza kumfikishia mtu wa Gulu, wa Mbarara na wa Bukoba maneno ya fundi kwa wakati mmoja, na bado ndio tunaonong'onezana.

Kuna wakati msaada ulikuwa unasikika zaidi. Hive Colab, ukumbi wa watengeneza programu kufanyia kazi pamoja, ilipoanza Kamwokya mwaka 2010, na Outbox ya aina hiyohiyo ikafuata mwaka 2012, kijana alifuata intaneti ya uhakika na akapata pia meza ya jirani. Ukikwama uligeuka, ukauliza, na aliyekaa meza ya tatu akadakia kwamba yeye pia lilimtokea. Lakini meza zile zilikuwa chache, na nauli ya taksi ya kwenda na kurudi kila siku si kitu cha mchezo kwa mtu asiye na kipato. Wengi walibaki na simu zao, na simu zikawapeleka inboksi.

Najua kwa nini watu hukimbilia faraghani. Madarasa yetu yamewazoeza watoto kwamba anayenyoosha mkono kusema hajaelewa atachekwa, na kicheko hicho mtu hukibeba mpaka ukubwani. Tena kuna adabu. Aliyelelewa Buganda hamkabili mkubwa wake na swali kavu. Huanza na "wasuze otya, ssebo", husubiri aitikiwe, ndipo aseme shida yake. Pwani nako ni vivyo hivyo. Sasa kijana huyu anapeleka swali lake Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ulioanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, na anakuta mfumo wenyewe unafuta salamu zake. Shukrani alizoweka mwishoni nazo huondolewa na wahariri, kwa hoja kwamba hazimsaidii anayetafuta jibu. Kwa wenyeji huo ni usafi wa ukurasa. Kwake yeye ni kutoitikiwa hodi. Kisha swali linapigiwa kura za kushushwa, linafungwa kwa kuwa limewahi kuulizwa, na kijana anaondoka ameazimia kutouliza tena mbele ya watu.

Wenye mtandao huo waliliona. Aprili 2018 walikiri hadharani kwamba watu wengi mno, hasa wanaoanza, wanawake na watu wasio Wazungu, wanapaona pale kuwa mahali pa uadui na majivuno, na mwaka huohuo wakatoa kanuni mpya za mwenendo. Ukali ule ulikuwa mbaya na uliwaumiza watu. Kanuni iliyokuwa nyuma yake, kwamba swali liandikwe kwa namna ambayo mgeni wa miaka mitano baadaye atalikuta na kufaidika nalo, ni kanuni njema, na sisi tumeitupa pamoja na ukali. Mamilioni ya watu wamejikwamua kwa majibu ambayo hawakuyaomba. Mimi ni mmoja wao, na karibu kila mtengeneza programu ninayemfahamu.

Wasichana wana sababu nyingine, na haifai kuipita. Anayeuliza kwa jina la kike hupokea inboksi ujumbe usiohusu programu kabisa, mara nyingi kutoka kwa watu waliojitolea "kumsaidia". Hapo faragha inakuwa mtego. Kazi ya Women in Technology Uganda, iliyoanzishwa na Barbara Birungi mwaka 2012, ilianzia kwenye ufahamu kwamba msichana anahitaji mahali pa kujifunzia ambapo swali lake litachukuliwa kuwa swali. Jibu lililoandikwa wazi linampa uhuru mkubwa zaidi: analisoma bila kujitambulisha kwa mtu yeyote wala kuwa na deni la fadhila.

Wanaouliza nao wana sehemu yao, na nitaisema bila kuzunguka kwa sababu nawatakia mema. Ujumbe wa kawaida unaomfikia mzoefu ni picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imeinama, mwanga wa dirisha umefunika nusu ya maandishi. Mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa, ambao katika Python ndio unaotaja hasa kilichoharibika, umeachwa nje. Chini ya picha yameandikwa maneno manne: mkubwa, haifanyi kazi, nisaidie. Mzoefu hawezi kunakili herufi kutoka kwenye picha, wala hajui ni toleo gani la programu linatumika, wala ulitarajia nini. Atauliza maswali sita kabla ya kuanza kusaidia, na pengine atachoka kwenye la tatu.

Nakili ujumbe wote wa kosa kama maandishi. Punguza programu yako mpaka ibaki mistari michache ambayo bado inaleta kosa lilelile. Sema ulichojaribu na ulichotegemea kuona. Eric Raymond aliyaeleza haya mwaka 2001 katika andiko lake mashuhuri kuhusu namna ya kuuliza, kwa lugha kali kuliko nitakayotumia mimi, lakini kiini chake ni kweli. Na anayeifanya kazi hiyo ya kupunguza mara nyingi hulikuta jibu kabla hajatuma swali, kwa sababu mistari iliyokuwa inamficha kosa imekwisha kuondolewa.

Nimewasikiliza pia wazoefu. Wanasema wamechoka. Wanafanya kazi na wateja wa Marekani ambao siku yao inaanza alasiri yetu, wanalala saa nane za usiku, na asubuhi wanakuta maombi ya msaada ya watu wasiowajua, mengine yakiwa ni kazi za darasa zilizotumwa nzima nzima. Uchovu huo ni wa kweli. Ila sehemu yake kubwa inatokana na kujibu faraghani, kwa maana anayejibu inboksi hulijibu swali lilelile upya kila mwezi. Aliyeliandika mahali pa wazi hutuma kiungo, akalala.

Kisha wazoefu hao wakumbuke ngazi waliyopandia. Septemba 2019 Andela, kampuni iliyokuwa ikiwafunza vijana wa Afrika na kuwaunganisha na waajiri wa nje, ilitangaza kupunguza chipukizi wapatao 250 Nigeria na Uganda, huku wengine wapatao 170 wa Kenya wakiwa hatarini kuathirika. Maelezo yalikuwa kwamba soko linataka wazoefu zaidi kuliko wanaoanza. Hesabu hiyo inaeleweka kwa kampuni inayotafuta wateja. Kwa mji mzima haiwezekani. Mzoefu wa mwaka 2030 ni chipukizi wa leo, na kama hakuna mwajiri anayekubali kubeba gharama ya kumkuza, gharama hiyo imeangukia mabega ya watu wachache wanaojibu maswali bila malipo. Kampuni za Kampala zinazolalamika kwamba hazipati watu zingeweza kuanza na jambo dogo: kuhesabu saa mbili za kila wiki za mfanyakazi wao kuwa saa za kuandika majibu, na kumlipa kwa saa hizo kama kwa nyingine.

Wapo wanaoniambia kwamba hoja yangu imepitwa na wakati, kwa kuwa tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotoka, mwanagenzi anaweza kuuliza mashine. Mashine haimcheki na haichoki, na kwa aliyenyamazishwa na aibu hiyo ni nafuu kubwa ambayo sitaidharau. Lakini mashine hizi zilijifunza kutokana na yale watu waliyoyaandika wazi. Mambo ambayo Kampala imeyaficha kwenye simu zake hazikuyaona. Ziulize kuhusu kitanzi cha kawaida cha Python na zitakueleza vizuri. Ziulize kuhusu tabia ya mfumo fulani wa malipo wa hapa, na zinaweza kukubunia jibu lenye sura nzuri ambalo litakupotezea siku mbili. Stack Overflow ilipiga marufuku majibu ya aina hiyo Desemba 2022 kwa sababu mengi yalikuwa na makosa yasiyoonekana haraka. Anayeanza ndiye asiye na uwezo wa kuyagundua. Kwa hiyo kila jibu la kweli linaloandikwa wazi sasa lina kazi mbili: linamsaidia mtu, na linaziba pengo katika kile ambacho mashine zinakijua kuhusu sisi.

Serikali nayo haijarahisisha mambo. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao kama hiyo; Julai 2021 tozo hiyo ikafutwa na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Mwanagenzi aliyekuwa na majibu yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta yake aliendelea kujifunza. Mwingine alikaa.

Limebaki suala la lugha, ambalo gazeti la Kiswahili haliwezi kulikwepa. Stack Overflow ina matawi ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani, na haina la Kiswahili. Kampala mambo ya kompyuta husomwa kwa Kiingereza, na wengi wanamudu. Lakini pita Nsambya au Katwe utakutana na vijana waliotoka Goma, Bukavu na Bunia, waliosoma kwa Kifaransa, wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na ambao Kiingereza wanajifunza sambamba na programu yenyewe. Swali wanalo, wanalielewa, wanashindwa kulivika maneno ambayo mzoefu atayavumilia. Kwao jibu la Kiswahili lililo sahihi lina thamani kuliko kozi nzima. Na wa kuyaandika hawakosekani: mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, wa watumiaji wa Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti, ulifanyika Zanzibar, penye Kiswahili chenyewe, Novemba 2023. Watu wanaoweza kuandika majibu hayo wapo, na wanafahamiana.

Kuanzia toleo hili tunatenga kurasa nne za mwisho kwa maswali na majibu. Jina la anayeuliza halitachapwa asipotaka. Salamu zake hatutazifuta. Ujumbe wa kosa utachapwa wote, pamoja na toleo la programu anayotumia, na anayejibu atachapwa kwa jina lake na kulipwa kama mwandishi wa makala. Majibu yote yatawekwa pia kwenye tovuti yetu bila ada, na yeyote anaruhusiwa kuyanakili.

Swali la kwanza limetoka Nsambya. Aliyelituma anatengeneza huduma ya simu za vitufe, ya kupiga nyota na reli, ili akina mama wa kikundi cha akiba waone salio lao kwa Kiswahili. Skrini moja ya huduma ya aina hiyo haibebi zaidi ya herufi 182, na menyu yake ya Kiswahili ina 231. Hataki kufupisha maneno mpaka wasiyatambue, na akiigawa menyu katika skrini mbili, programu yake inasahau mteja alikuwa wapi. Mistari yote ya programu iko ukurasa wa mwisho. Bado hatujapata jibu tunaloridhika nalo.